Gari la Nusu Saa

Asubuhi halina neno. Mhasibu anaingiza ufunguo, stata inazunguka kidogo, injini inanguruma, na majirani zake wa Tudor wanajua kwamba saa imefika moja na nusu. Likilala usiku kucha linawaka. Likizimwa kwa dakika moja ili anunue gazeti, linawaka pia. Lakini lizimwe kwa dakika ishirini baada ya kutembea kwenye jua la Mombasa, hapo ndipo mambo huanza: stata inazunguka, inazunguka, betri inachoka, na injini haitoi hata kikohozi. Mwenyewe ashuke, anunue dafu, asogee kivulini, amalizie nyama ya dafu kwa kijiko cha kifuu. Akirudi, gari linawaka bila kinyongo. Wala haliombi radhi.

Gari lenyewe ni Porsche 924 nyekundu, ya miaka ya mwanzo ya themanini, aliyoinunua kwa meneja mmoja wa hoteli ya Diani aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Mhasibu huyu, sasa mstaafu, hakuwahi maishani kununua kitu bila kuandika faida upande mmoja wa karatasi na hasara upande wa pili. Hili alilinunua bila karatasi. Taa zake za mbele huinuka zenyewe kutoka kwenye boneti zikiwashwa, na moja huchelewa kuliko mwenzake, kwa hiyo jioni gari huwakonyeza watu wote wanaokuja mbele yake. Watoto wa mtaani wanalipenda kwa sababu hiyo, na mhasibu, ambaye hana desturi ya kukonyeza mtu, ameamua kutoitengeneza.

Jina la Porsche huwafanya watu wasimame. Wakishasikia historia ya 924 huanza kutembea tena. Porsche walilisanifu kwa agizo la Volkswagen. Volkswagen wakabadili nia. Porsche wakalazimika kununua kazi ya mikono yao wenyewe, wakaliingiza sokoni mwaka 1976, likiundwa katika kiwanda cha Audi mjini Neckarsulm. Injini yake ya lita mbili, yenye nguvu ya farasi 125, ni ya ukoo wa kazi. Ndugu zake walifungwa kwenye gari la mizigo la Volkswagen LT, na wengine walivuka bahari hadi Marekani kufungwa kwenye AMC Gremlin na kwenye Jeep za kupeleka barua. Mhasibu huwa haelezi habari hiyo mpaka aulizwe.

Kwa gari la tabia hii, hakuna mahali pabaya kuliko kivuko cha Likoni. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu. Foleni ndiyo safari. Gari linafika pale limeshachemka, linatambaa hatua kadhaa, linazimwa, linawashwa, linatambaa tena, na hatimaye linaingia feri na kuzimwa kabisa. Maji yanavukwa. Mlango unashushwa upande wa pili. Watu wa miguu wanamiminika kwa mamia, mikokoteni inafuata, pikipiki zinapenya, na wote waliopangwa nyuma ya Porsche nyekundu wanaanza kupiga honi.

Siku moja msimu wa kaskazi, nyuma yake alikuwapo dereva wa lori la saruji, na nyuma ya lori, matatu ya Ukunda.

"Mzee, washa!" akaita mhudumu wa feri.

"Nawasha."

"Washa kabisa!"

Mhasibu akawasha kabisa. Stata ikazunguka kwa bidii yote iliyo nayo. Makanga wa matatu akashuka, akachungulia dirishani, akaangalia dashibodi kwa uso wa daktari bingwa, akatoa hukumu: mafuta yameisha. Mshale wa petroli ulikuwa umepita nusu. Basi akasema ni geji ndiyo mbovu. Likasukumwa. Ni gari la tani moja na ushei, lisilo na pawa ya usukani, na kutoka feri hadi barabarani kuna mlima usioonekana mpaka uusukume. Vijana waliolisukuma walidai ya chai, na kila mmoja alitoa maoni yake bila malipo ya ziada: plagi, koili, betri, maji kwenye tanki, na mmoja, aliyekuwa amebeba kuku, alisema gari jekundu halifai pwani.

Pale juu, kando ya barabara, mtu mzima mmoja mwenye kofia ya vitona akaomba kitambaa na maji. Kwa ustadi wa mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi akafungua boneti, akakilowesha kitambaa, akakilaza juu ya mabomba ya petroli, akakilowesha tena. Mvuke ukapanda. Watu wakakusanyika. Akasimulia jinsi alivyoendesha Peugeot 404 kati ya Mombasa na Malindi, na jinsi kitambaa kilivyokuwa sehemu ya vifaa vya gari, sawa na jeki. Maneno yake yalikuwa ya kweli kwa Peugeot ile. Kwenye magari mengi ya kabureta pampu hufungwa kwenye injini yenyewe, huivuta petroli kutoka mbali kwa mvuto dhaifu, na petroli inayovutwa huchemka upesi kuliko inayosukumwa. Kitambaa cha maji kilisaidia.

Kikasaidia na siku ile. Baada ya kusimulia safari za Malindi, za Lamu, na moja ya Garissa iliyokuwa na simba, mzee alisema, "Haya, jaribu." Gari likawaka. Umati ukapiga makofi, na mhasibu akarudi nyumbani akiwa na imani ya kitambaa.

Imani hiyo ilidumu mpaka ilipokuja nyingine. Fundi wa kwanza alitoa plagi zote nne, akazisugua kwa brashi ya waya, akazirudisha, gari likawaka. Wa pili alilegeza kifuniko cha tanki "lipumue", akaenda kunywa chai, akarudi, likawaka. Shemeji yake, ambaye ana jamaa Uingereza, alileta vibanio vya nguo vya mbao na kuvipanga juu ya mabomba ya petroli, kwa maelezo kwamba mbao hufyonza joto. Vibanio hivyo ni tiba maarufu. Wamarekani waliviamini kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kueleza vizuri vinafanya nini. Vilipangwa kwa uangalifu mkubwa, kimoja kimoja, vikagombaniwa nafasi, vikapangwa upya. Likawaka. Hata yule jirani aliyelizunguka gari akisoma dua kimoyomoyo aliliona likiwaka, naye kwa adabu hakujisifu.

Kila tiba ilifaulu kwa sababu kila tiba ilichukua nusu saa. Gari lingewaka vilevile kama wote wangekaa chini na kucheza bao. Lakini nani atamlipa fundi wa kucheza bao? Ndiyo maana ugonjwa huu unaweza kumzunguka mtu mwaka mzima: anayetibu anapata ushahidi wake, mwenye gari anapata gari lake, na ugonjwa unapata mapumziko.

Wakati huohuo mhasibu alikuwa amejifunza kuishi kwa ratiba ya injini. Mahali pa dakika ishirini palimtia hofu. Alikwenda ama pa dakika moja, akiliacha linanguruma nje huku akimlipa kijana alilinde, ama pa saa mbili. Hapakuwa na katikati. Akienda kumjulia hali mgonjwa, alikaa mpaka chakula cha mchana. Akienda kutoa rambirambi, alikaa, akahesabu, akaangalia saa, akakaa tena. Wafiwa wakaja kumsifu kwamba hakuna mtu mwenye moyo wa huruma kumshinda. Shangazi yake wa Majengo, aliyezoea kumwona kwa vijiziara vya kusimama mlangoni, alianza kumpikia wali wa nazi kila Jumapili kwa yakini kwamba hataondoka. Katika ukoo ule ilisemwa wazi kwamba kustaafu kumemfaa.

Upande wa matumizi haukuwa mzuri hivyo. Zilinunuliwa plagi mpya, ikanunuliwa koili, ikanunuliwa betri. Stata ikafunguliwa na kusukwa upya kwa shaba, kwa hoja iliyokuwa na akili ndani yake: shaba ikipata joto ukinzani wake wa umeme hupanda, na kati ya nyuzi 20 na nyuzi 90 huongezeka kwa zaidi ya robo. Stata iliyochoka, ikipikwa na moto wa injini, huweza kugoma kabisa na kutoa "tak" moja tu. Tatizo ni kwamba stata ya mhasibu haikuwahi kutoa "tak". Ilizunguka kwa nguvu zake zote kila siku, mbele ya mashahidi. Ilikuwa ndiyo kitu pekee kwenye gari lile kinachofanya kazi saa ya taabu, na ndiyo iliyofunguliwa.

Laiti angalau mmoja wao angevuta plagi wakati gari limegoma, si baada ya kuwaka! Plagi iliyolowa petroli inasema kitu kimoja. Plagi kavu inasema kingine. Ikiwa imelowa, petroli imejaa kupita kiasi: pengine nozeli zinavuja, na ukikanyaga mafuta hadi chini wakati wa kupiga stata, hewa huingia na injini hupata nafuu, ikitoa moshi mweusi na harufu kali. Ikiwa kavu, petroli haifiki, na ukikanyaga utachosha mguu tu. Zile za mhasibu zilikuwa kavu. Zilikuwa kavu tangu siku ya feri.

Ili kuelewa kwa nini, lazima mtu aingie kidogo ndani ya mfumo unaoitwa K-Jetronic, kazi ya kampuni ya Bosch ya Ujerumani, ulioanza kutumika mwaka 1973. Hauna kompyuta. Hewa inayovutwa na injini huinua sahani ya chuma. Sahani huinua mkono. Mkono husukuma kijiti ndani ya kifaa cha kugawa petroli, nacho hufungua njia kwa kadiri ya hewa iliyoingia. Nozeli hunyunyiza mfululizo, bila kukatika, muda wote injini inapozunguka. Pampu ya umeme iliyo nyuma, karibu na tanki, husukuma petroli kwa presha ya karibu bar 5. Ni mashine ya werevu wa kizamani, na inayoweza kufahamika kwa macho, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu gari lolote jipya.

Adui yake ni ule muda baada ya kuzima. Mtu wa kawaida hudhani injini ikizimwa inaanza kupoa. Hapana: chini ya boneti joto hupanda kwanza. Maji yameacha kuzunguka, upepo wa mwendo umekatika, na vyuma vilivyo na moto vinaanza kuugawa kwa kila kilicho jirani, pamoja na mabomba membamba ya petroli. Nayo petroli haina nyuzi moja ya kuchemka. Ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kugeuka mvuke kwenye nyuzi 35 hadi 40 tu ikiwa haina presha. Mombasa mwezi wa Februari, nyuzi 35 hazihitaji injini. Zinapatikana kivulini ukiwa na subira.

Ikiwa na presha, hata hivyo, petroli hustahimili. Kila jiko lenye sufuria ya presha limekwisha kuthibitisha hilo: mfuniko ukikaza, maji hupita nyuzi 100 na maharagwe huiva kabla ya wageni kuudhika. Kwa hiyo wahandisi waliuwekea mfumo walinzi wawili. Wa kwanza ni valvu ndogo kwenye pampu, inayozuia petroli isirudi tankini. Wa pili ni akumuleta, mkebe wa chuma wenye springi na diaframu ndani yake, unaoweka akiba ya petroli na kuendelea kuisukuma injini ikishazimwa. Kazi yao wote wawili ni kuhakikisha kwamba presha haifi. Inatakiwa ishuke mpaka chini kidogo ya kiwango kinachofungua nozeli, ambacho ni bar 3 na kitu, kisha ikae hapo. Mlinzi mmoja akilala, mabomba hujaa mvuke, na pampu inapoamka hukuta inasukuma mapovu.

Na asubuhi je? Asubuhi kila kitu kimepoa, mvuke umerudi kuwa petroli, na zaidi ya hapo kuna nozeli ya tano, inayonyunyiza kiasi cha ziada injini ikiwa baridi. Ikishapata joto, swichi maalumu huifungia nozeli hiyo. Yaani gari husaidiwa pale ambapo halina shida, na huachwa peke yake pale lenye shida. Shemeji, alipoelezwa habari hii baadaye, alishauri wafunge swichi ya kengele ya mlango kwenye dashibodi, ili mhasibu aiamshe nozeli ya tano kwa kidole kila anapotaka. Ni ujanja wa kweli, wenye magari ya namna hii huufanya, nao mara nyingi hulitia gari moto. Mhasibu alikataa kwa sababu moja tu: hakutaka watu wa feri wamwone anapiga kengele ndani ya gari lake mwenyewe.

Hakuwa peke yake katika msiba huu, ingawa pale Likoni alijiona hivyo. Triumph TR5 ya mwaka 1967, gari la michezo la Kiingereza lenye mfumo wa Lucas wa kunyunyiza petroli, lilikuwa na pampu ndani ya buti iliyotumia mota yenye asili ya waipa za kioo. Siku za joto pampu hiyo ilichemka, na waliokuwa na TR5 na TR6 husimulia hadi leo jinsi walivyosafiri na mifuko ya njegere zilizogandishwa, wakaibandika juu ya pampu, na pengine wakazila jioni. Mdogo wake 924, yaani 944, ana ugonjwa mwingine unaofanana kwa sura: rilei inayoendesha pampu na kompyuta hupasuka risasi ya kuunganishia waya zake, joto likipanda ufa hufunguka, likishuka hujifunga, na wenye akili huweka rilei ya akiba karibu. Volkswagen wenyewe walifunga feni ndogo kwenye baadhi ya Golf na Scirocco, ya kupuliza nozeli baada ya gari kuzimwa. Mercedes-Benz, kwenye 450 SL, waliipitisha petroli karibu na bomba baridi la eyakondishani. Wajerumani wa wakati ule walilijua tatizo, wakalitibu kwa gharama.

Aliyemaliza hadithi alikuwa fundi mmoja mzee wa Changamwe, ambaye ujana wake aliutumia chini ya Mercedes na Audi za watu wa bandari. Alifika kwa baiskeli. Hakuwa na kompyuta wala kijana wa kumshikia spana; alikuwa na geji ya presha yenye mipira miwili na bomba dogo la kufungia, vyote vimefungwa kwenye kipande cha kanga kuukuu. Shemeji alimweleza historia yote: kitambaa, vibanio, stata. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mlipima wapi?" akauliza.

Palitokea kimya cha watu wazima.

"Hamjapima."

"Tumebadilisha sana lakini," alisema shemeji.

Fundi akafunga geji kati ya kifaa cha kugawa petroli na regyuleta ya presha, akataka gari litembezwe hadi Mkomani na kurudi ili lipate moto wa kweli, kisha akalisimamisha uani, injini ikiwa inanguruma. Akafunga bomba: mshale ukasimama kwenye bar 5, pale unapotakiwa. Akalifungua: mshale ukashuka mpaka bar 3 na nusu hivi, nao vizuri. "Pampu ni nzima," akasema, na mhasibu, aliyekuwa ameshaagiziwa pampu na fundi mwingine, akaandika jambo kwenye kijitabu chake. "Sasa zima, mzee wangu. Na mtu asizungumze."

Injini ikazimwa. Binti wa nyumba alikuwa ameleta birika. Kabla chai haijafika ukingoni mwa kikombe cha kwanza, mshale ulikuwa umepita bar 2. Kikombe cha pili, bar 1. Cha tatu kilipopokewa, mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri, na watu watano waliokuwa wamekishughulikia kitu hiki kwa miezi walikuwa wanautazama.

Kilichobaki kilikuwa kutafuta presha inapotelea wapi, na hapo ndipo fundi wa geji anapotofautiana na wa kubahatisha: alifunga njia moja moja. Akapandisha presha, akazima, papo hapo akaubana mpira unaorudisha petroli tankini. Mshale ukaanguka vilevile, basi kosa haliko huko. Akachomoa nozeli, akazielekeza kwenye gazeti lililotandazwa; gazeti likabaki kavu. Akaingia chini ya gari upande wa nyuma, miguu yake ikabaki nje, ndala moja imegeuka. Alitaka bisibisi. Akataka kikombe. Akapewa kile cha chai.

Upande wa springi wa akumuleta una mpira mwembamba, na upande huo hautakiwi kuwa na petroli. Fundi aliuchomoa mpira, akaukinga na kikombe, akasema pampu iwashwe kwa kuunganisha waya kwenye soketi ya rilei, kwa maana rilei yenyewe, kwa usalama wa ajali, haiiachi pampu iendelee kufanya kazi injini ikiwa imesimama. Pampu ikavuma. Kwenye kikombe ikaanza kutiririka petroli, safi, yenye rangi ya chai iliyokolea maji.

"Diaframu imechanika," ilisema sauti kutoka chini. "Kikombe hiki msinywee tena."

Akumuleta mpya ililetwa na mtu aliyekuwa anarudi kutoka Dubai, ndani ya begi la nguo, imefungwa kwenye kanzu. Bei yake mhasibu aliiandika upande wa kulia wa ukurasa. Upande wa kushoto yalikuwapo plagi, koili, betri, stata na nauli za mafundi, na jumla ya upande huo ilikuwa ndefu kiasi cha kuhitaji mstari wa pili. Fundi alitoza pesa kidogo kwa kufunga na kidogo zaidi kwa kupima. Shemeji aliona hilo ni ajabu, kulipia kutazama mshale. Akashauri angalau vibanio visitolewe.

Ile ya zamani ilikatwa kwa msumeno wa chuma, kwa kuwa mhasibu alitaka kuona alicholipia. Ndani yake kulikuwa na springi isiyo na hatia, na duara la mpira lenye mpasuko mfupi kuliko ukucha wa kidole kidogo. Aliuonyesha kwa wageni kwa majuma kadhaa, akiufungua na kuufunga kwa vidole viwili, mpaka mkewe alipoutupa.

Tangu hapo gari linawaka. Dakika moja, dakika ishirini, saa mbili, ni sawa kwake. Kwenye feri limewaka mbele ya makanga yuleyule, ambaye alisema ndiyo, alijua tangu mwanzo ni geji. Mhasibu sasa anakwenda anakotaka na kuondoka anapotaka: hospitali dakika kumi, matangani robo saa, salamu, fatiha, kwaheri. Wagonjwa wameanza kuulizana kama wamemkosea. Jumapili ya kwanza aliyoondoka Majengo kabla ya wali kuiva, shangazi alimfuata hadi mlangoni na mwiko mkononi.

"Mwanangu, mbona siku hizi hukai?"

Akamweleza. Kwa kuwa ni mtu wa hesabu alimweleza kwa utaratibu: presha, mvuke, mkebe wa chuma, springi, diaframu, Dubai. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akaligeukia lile gari jekundu lililokuwa linanguruma nje.

"Basi kirudishe kile cha zamani," akasema.